Fedha za pamba zinapochelewa, nani amwambie mkulima?

MWANZONI mwa Mei mwaka 2019, msimu wa ununuzi wa pamba ulipofunguliwa, mkulima wa Kanda ya Ziwa aliambiwa jambo moja lililo wazi kabisa: bei ya kilo moja ni Sh1,200. Bei hiyo ilizidi ile ya mwaka 2018 kwa Sh100, na ilitangazwa wakati mashamba yakiwa yamejaa. Mavuno ya mwaka huo yalizidi tani 340,000 nchi nzima, kiasi ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa misimu kadhaa.

Kilichofuata, wenye mashamba ya pamba Serengeti, Bunda na mikoa jirani ya Simiyu na Shinyanga wanakikumbuka. Pamba ilipelekwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, ikapimwa, mkulima akapewa stakabadhi, fedha hazikuja. Wapo waliosubiri wiki, wapo waliosubiri miezi, na wapo walioingia mwaka 2020 wakiwa bado wanadai. Bei iliendelea kutajwa redioni na kwenye mikutano kuwa ni Sh1,200. Mfukoni haikuwapo.

Mengi yameandikwa kuhusu nani alikuwa na kosa katika msimu ule. Makala haya yanauliza swali jingine, ambalo kwa mtazamo wangu halijajibiwa hadi leo: katika miezi ile ya kusubiri, nani alikuwa na wajibu wa kumweleza mkulima kinachoendelea, na alipaswa kumweleza nini wakati yeye mwenyewe hana uhakika? Swali hili halihusu pamba peke yake. Kuanzia Morotonga na Mugumu hadi Nyamongo, watu wa wilaya za Serengeti na Tarime wanaishi kwa kutegemea taasisi ambazo maamuzi yake yanafanyika mbali nao: bodi za mazao, viwanda, mgodi, hifadhi na hoteli zake. Mambo yakiyumba huko juu, huku chini hufika ukimya.

Kwanza tuangalie kilichotokea sokoni, maana bila hesabu hii mjadala unageuka lawama tupu.

Sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania huuzwa nje, kwa hiyo bei yetu inafuata ya dunia. Kilo moja ya pamba mbegu ikichambuliwa kiwandani hutoa nyuzi karibu theluthi moja ya kilo, ambayo ni sawa na ratili 0.73 hivi. Soko la New York hutaja bei kwa senti za dola kwa ratili. Bei ikiwa senti 75, na dola ikiwa Sh2,300 kama ilivyokuwa mwaka ule, nyuzi zilizomo katika kilo moja ya mkulima zina thamani ya karibu Sh1,260. Bei ikishuka hadi senti 58, thamani hiyo inakuwa Sh970 hivi. Mbegu nazo zinauzwa kwa ajili ya mafuta na mashudu, na hizo zinamsaidia mwenye kiwanda kulipia uchambuzi, usafiri wa marobota hadi bandarini, tozo na riba ya benki. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha kwamba katika senti 75 mnunuzi anayelipa Sh1,200 anapumua kwa shida, na katika senti 58 anazama.

Sasa angalia kalenda. Mei 10, 2019, siku chache tu baada ya msimu wetu kufunguliwa, Marekani ilipandisha ushuru kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 200 kutoka asilimia 10 hadi 25. China ndiyo mtumiaji mkubwa wa pamba duniani, na tayari tangu mwaka 2018 ilikuwa imeweka ushuru wake kwa pamba ya Marekani. Soko likashtuka. Kufikia Agosti, bei ya New York ilikuwa chini ya senti 60.

Maana yake ni kwamba kabla ya Mei kwisha, mwenye kiwanda alijua hali imebadilika. Benki iliyotarajiwa kumkopesha nayo ilijua, kwa sababu inafanya hesabu ile ile, na hakuna benki inayotoa mkopo kwa biashara ambayo hasara yake inaonekana kwa macho. Waliofuatilia soko serikalini walijua. Katibu wa AMCOS alijua kidogo sana, mara nyingi yale aliyoambiwa na dereva wa lori lililokuja kubeba pamba. Mkulima hakujua chochote. Habari ilisafiri kutoka New York hadi Dar es Salaam kwa dakika moja, kisha ikashindwa kufika kijijini kwa miezi mitatu.

Serikali iliingilia kati, ikakutana na wanunuzi na mabenki kutafuta njia ya wakulima kulipwa, na fedha zikaanza kutoka kidogo kidogo. Hilo lilisaidia, lakini halikuondoa gharama ambayo mkulima alikuwa amekwisha kuibeba.

Gharama hiyo inapimika. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari mbili. Anavuna kilo 300 kwa ekari, jumla 600. Kwa Sh1,200 anadai Sh720,000. Ni Julai, shule zinafunguliwa, kuna mgonjwa nyumbani, na mwenye plau ya ng'ombe aliyemlimia mwaka jana anataka chake. Ikiwa bado ana pamba nyumbani na mchuuzi anapita na Sh800 taslimu, afanye nini?

Kama Juni aliambiwa waziwazi kwamba fedha hazitapatikana kabla ya Oktoba, anaweza kupanga. Atauza mbuzi wawili, ataongea na mwalimu mkuu, atamwomba mwenye plau asubiri hadi tarehe inayojulikana, na atabaki na pamba yake ya Sh1,200. Lakini kama kila Jumatatu anaambiwa "wiki ijayo", hawezi kufanya hata moja kati ya hayo. Anakopa kwa wiki moja, mkopo unaiva kabla fedha hazijafika, anakopa mwingine kuufunika wa kwanza. Mwisho anamwita mchuuzi, na kwenye kilo 600 anapoteza Sh240,000. Hasara hiyo haikuletwa na Marekani wala China. Imeletwa na kutojua tarehe.

Katika uchumi kusubiri kunakojulikana muda wake kuna bei, na mtu anaweza kuilipa. Kusubiri kusikojulikana hakuna bei, kwa hiyo mtu hulipa chochote ili kutoka. Taasisi inayonyamaza haipunguzi hasara yoyote, inachofanya ni kuisogeza kutoka kwenye vitabu vyake na kuitua kwenye kaya ambayo haina akiba.

Halafu kuna msimu unaofuata. Huku kwetu pamba hupandwa kuanzia Novemba, na uamuzi wa shamba lipi lilimwe nini hufanyika Septemba na Oktoba, mabua ya zamani yakiwa yameng'olewa. Mwaka 2019 wakulima wengi walifanya uamuzi huo wakiwa na stakabadhi badala ya fedha. Mavuno yaliyofuata yalishuka hadi takriban tani 120,000, na bei elekezi ya mwaka 2020 ikawa Sh810. Haitakuwa haki kusema kwamba anguko hilo lote lilitokana na kuvunjika moyo, kwani mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilizidi kiasi na wadudu nao walishambulia. Lakini aliyezungumza na wakulima wakati ule hawezi kusema imani haikuwa na sehemu yake. Mtu aliyerudisha ekari moja kwenye mtama na mahindi hakuwa anafuata utabiri wa hali ya hewa.

Turudi kwa katibu wa AMCOS, maana yeye ndiye sura ambayo mkulima anaiona. Ni jirani, amechaguliwa, watoto wao wanasoma pamoja. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani akasema bei ni Sh1,200, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Fedha zisipokuja, yeye ndiye anayefuatwa nyumbani usiku. Baadhi ya makatibu hufunga ofisi na kuhamia senta nyingine kwa siku kadhaa. Tunawacheka na kuwaita wezi, na wapo wezi kweli, sikatai. Lakini wengi wanakimbia kwa sababu hawana cha kusema. Wazee wanaokumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyokufa miaka ya 1990 vikiwa na madeni ya wakulima wakiona ofisi imefungwa hawasubiri maelezo. Wanajua filamu hiyo inavyokwisha.

Na hapa kuna ugumu ambao washauri wa mawasiliano kutoka mjini huwa hawaugusi. Bei ya Sh1,200 ilitoka juu. Nani huku chini angethubutu kusimama mbele ya watu na kusema kwamba kwa hali ya soko bei hiyo haina fedha nyuma yake? Katibu hawezi. Afisa ushirika wa wilaya hawezi. Mnunuzi akisema anaonekana anataka kumnyonya mkulima. Mambo kama hayo tuliyaona kwenye korosho, Novemba 2018, Serikali iliposema itanunua kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima wengi wa kusini walisubiri malipo kwa miezi. Ahadi ikitamkwa na mkubwa, wadogo wote walio chini yake wanapoteza ulimi. Hata habari ya kweli, yenye faida kwa kila mmoja, inakosa wa kuibeba.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko kwenye namna bei inavyotangazwa. Bei elekezi itangazwe pamoja na hesabu yake: imekokotolewa kwa senti ngapi za New York, dola shilingi ngapi, na soko likishuka kwa kiasi gani nini kitafanyika. Mkulima anayejua kugawa debe la mahindi kwa miezi kumi na miwili hashindwi kuelewa hesabu ya ratili na senti. Ikitangazwa hivyo, katibu anapata ruhusa ya kusema, "Mliambiwa senti 75, sasa ni 62, kwa hiyo tuko kwenye ile hali ya pili." Bei ya Sh810 ya mwaka 2020 iliuma, lakini ilikaa karibu zaidi na soko. Na kwamba mwaka 2022 ilifika Sh1,560 kisha 2023 ikarudi Sh1,060 ni ushahidi kuwa kuyumba huku si tukio la mara moja. Kila msimu unaokuja una uwezekano wa kuwa 2019.

Dawa ya pili haihitaji kibali cha mtu yeyote kutoka Dodoma. Wakurya wana iritongo, baraza linaloitishwa kukiwa na jambo zito, iwe wizi wa ng'ombe au ugomvi wa koo. Watu wote wanakaa, mwenye habari anaitoa hadharani, anaulizwa maswali mbele ya wote, na kama jambo halijaisha watu wanajua watakutana tena lini. Sisemi iritongo lina utakatifu wowote, kwani nalo limewahi kutoa hukumu za ajabu. Lakini kwa upande wa kupashana habari wakati wa wasiwasi limezidi taasisi nyingi zenye maafisa uhusiano. Habari inasikiwa na wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuiuza.

AMCOS inaweza kufanya hivyo hivyo. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Msimu wa ununuzi ukiwa na mashaka, muda huo ni mrefu mno, na mkutano wa wanachama kila baada ya wiki mbili unatosha, hata wa nusu saa chini ya mwembe. Kinachotakiwa kusemwa ni kifupi. Chama kimepokea kilo ngapi. Mnunuzi ni nani na ameleta shilingi ngapi hadi leo. Malipo yamefika stakabadhi namba ngapi. Hatujui fedha nyingine zinakuja lini, lakini tumempigia mnunuzi siku fulani na ametujibu hivi. Tutakutana tena tarehe fulani, kuwe na jipya au kusiwe.

Hilo la "kuwe na jipya au kusiwe" ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalojenga imani. Kiongozi anayejitokeza siku aliyosema, akiwa hana fedha wala habari mpya, ameonyesha kwamba hajatoroka.

Namba ya stakabadhi nayo ni jambo dogo lenye uzito. Fedha zikija nusu, ugomvi unaanza: kwa nini fulani amelipwa na mimi bado? Ukutani kukiwa na karatasi inayosema malipo yamefika namba 214, mwenye namba 230 anajua amekaribia na mwenye 600 anajua asikae barazani. Akilipwa mwenye 580 kabla ya 230, kila mtu anaona. Ndiyo maana, nadhani, karatasi hiyo haibandikwi mara nyingi.

Ujumbe wa simu unasaidia, na redio za jamii kama Mazingira FM ya Bunda zinafika ambako gari halifiki. Lakini ikumbukwe stakabadhi na simu kwa kawaida zimeandikwa jina la baba, wakati aliyepalilia na kuchuma ni mama na watoto. Ujumbe unaokuja kwenye simu ya baba saa kumi jioni akiwa kilabuni unaweza usifike nyumbani. Mkutano wa hadhara unamfikia mama moja kwa moja.

Viongozi wengi wanapinga uwazi wa namna hii kwa neno moja: taharuki. Wanasema ukiwaambia watu kwamba hujui, utawatia hofu. Anayeamini hivyo apande gari aende Nyamongo, Tarime, akaone ukimya unazaa nini.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo umepita katika mikono ya kampuni kadhaa hadi Barrick, ambayo mwaka 2019 iliichukua Acacia yote na mwaka 2020 ikasaini makubaliano na Serikali yaliyozaa kampuni ya Twiga. Kwa miaka yote hiyo, swali la wenye mashamba jirani limekuwa lile lile: mgodi utapanuka hadi wapi, na lini? Mahali ambapo swali hilo lilikosa jibu, wananchi walilijibu wenyewe kwa matofali. Nyumba zikainuka kwa haraka bila mtu wa kuzikaa, miti ikapandwa kwa msongamano, ili siku ya tathmini ihesabiwe. Tarime wanaita tegesha, na neno lenyewe linajieleza: ni kutega fidia.

Wengi wanaona tegesha ni udanganyifu tu. Mimi naiona pia kama soko la uvumi. Mtu anawekeza bati na mbao kwa kubahatisha mpaka wa eneo litakalochukuliwa, na anayejua mpaka huo mapema kuliko wenzake ndiye anayeshinda. Mgodi unalalamika gharama ya fidia imepanda, mkulima halali anachelewa kulipwa kwa sababu madai yake yamechanganywa na ya watega, na ardhi nzuri ya mahindi na ndizi inabaki imejengwa magofu. Ramani iliyobandikwa mapema ofisi ya kijiji, yenye mpaka, tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali na maelezo ya lipi bado halijaamuliwa, ingekuwa rahisi kuliko hayo yote.

Hali ni mbaya zaidi linapokuja suala la maji. Mwaka 2009 mto Tigithe, unaotiririka kuelekea mto Mara, ulichafuliwa na maji kutoka mgodini. Mwaka 2019, NEMC iliutoza mgodi faini ya Sh5.6 bilioni kwa uvujaji kutoka bwawa la topesumu, na Julai ikazuia bwawa hilo kutumika hadi lirekebishwe. Matokeo ya vipimo vya maji huandikwa kwa lugha ya maabara, na mfugaji anataka kujua neno moja tu: ng'ombe wangu anywe au asinywe? Kama wataalamu bado hawana jibu, waseme asinywe hapa hadi tarehe fulani, na maji ya mbadala yako pale. Mfugaji asiyeambiwa lolote atachagua mwenyewe, na ng'ombe akifa kwa ugonjwa wowote ule, mgodi utakuwa umemuua.

Yapo mambo ambayo hakuna anayeyajua kweli. Mwaka 2020 watalii walioingia nchini walishuka hadi 620,867 kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Mkulima wa nyanya na kabichi wa Mugumu anayeuza kwa wanaolisha hoteli za hifadhini hakuwa na wa kumlaumu, wala meneja wa manunuzi hakujua ndege zitarudi lini. Lakini meneja huyo alijua kitu kimoja: kwamba hatanunua mwezi ule. Mche wa nyanya unahitaji karibu miezi mitatu tangu kitaluni hadi tenga la kwanza. Simu moja ya dakika mbili, "usisie mbegu mpaka nikupigie", ingemwokolea mtu mbegu, dawa na mbolea.

Mikutano ya maandalizi ya msimu wa pamba hufanyika kabla ya Mei. Mwanachama wa AMCOS akipewa nafasi ya kuuliza swali moja, wengi huuliza bei itakuwa shilingi ngapi. Safari hii aulize mnunuzi aliyepangiwa chama chao ana fedha za kununua kilo ngapi mkononi leo, zikiisha wanachama wataambiwa siku gani, na atakayekuja kuwaambia ni nani kwa jina. Kisha aombe jibu hilo liingizwe kwenye muhtasari wa mkutano kabla watu hawajatawanyika.